Waliokuja Buha na Madaftari

Jumatatu ya tarehe 27 Januari 2025 nilikuwa nimekaa kibarazani kwa gesti moja pale Kasulu mjini, begi mapajani, nikimsubiri mtafiti wangu atoke tuondoke kwenda Kibondo. Kulikuwa na baridi ile ya asubuhi ya Kasulu, ambayo mtu wa Dar haiamini mpaka imkute bila sweta. Dereva alikwishawasha gari. Katika kijiji kimoja cha Kibondo tulikuwa na miadi na bibi mmoja wa karibu miaka tisini. Ijumaa iliyotangulia alitusimulia mpaka sauti ikamkauka, kisha akasema, "Wajukuu zangu, nimechoka. Nendeni, mrudi Jumatatu niwamalizie." Basi Jumatatu ndiyo hiyo.

Mtafiti akatoka na simu mkononi, uso umembadilika.

"Kaka, mwambie dereva azime gari kwanza."

Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka chuo kimoja cha Marekani. Jina lake na la chuo chake nayaacha, maana si wao ninaowashtaki hapa. Barua ilikuwa imetoka ofisi ya utafiti ya chuo usiku wa kwetu. Serikali mpya ya Marekani, iliyoapishwa tarehe 20 Januari, ilikuwa imetoa amri siku hiyo hiyo kwamba misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ichunguzwe. Tarehe 24 ikafuata amri nyingine: kazi zinazoendelea nazo zisimame. Utafiti wake ulikuwa umetundikwa kwenye fungu dogo la fedha hizo za serikali ya shirikisho, yaani ile ya Washington, si ya majimbo. Kuanzia saa ile asitumie hata senti moja.

"Sasa tufanyeje?" akaniuliza.

Ndugu msomaji, huyo ni mtu mwenye digrii mbili, anayesaka ya tatu, ananiuliza mimi, kijana niliyemaliza kidato cha sita nikaishia kwenye kibarua cha kuongoza watafiti. Lakini swali lake halikuwa la kijinga. Buha kazi hiyo ipo siku nyingi. Mtafiti anakuja na daftari na fedha za mbali. Mwenyeji anamwonyesha njia. Na fedha za mbali zikikatika, mwenyeji ndiye anayebaki na njia mkononi, hajui aipeleke wapi.

Nimekwishajiuliza mara nyingi kwa nini ile siku inaniuma mpaka leo. Kuijibu inabidi nirudi nyuma sana, kabla hata baba yangu hajazaliwa.

Mbung'o na fedha za London

Buha, au Uha kama wanavyosema watu wa pwani, ni ile miinuko ya Kigoma iliyo kati ya Ziwa Tanganyika, Burundi na mbuga za Malagarasi na Moyowosi. Kasulu ilikuwa himaya ya Heru, Kibondo ilikuwa Muhambwe na Buyungu, kila moja na mwami wake. Huko bondeni kuna miombo, na kwenye miombo kuna mbung'o, na mbung'o ndiye mwenye ugonjwa wa malale.

Malale ndiyo yaliyotuletea watafiti wa mwanzo. Wajerumani walimleta Robert Koch, daktari mwenye jina duniani, ambaye mwaka 1906 na 1907 alifanya kazi visiwa vya Sese, Uganda, akiwajaribia wagonjwa dawa iitwayo atoksili. Wengine walipata nafuu ya muda, wengine dawa iliwapofusha. Baada ya hapo Wajerumani wakafungua kambi za malale kando ya Ziwa Tanganyika. Kisha ikaja vita ya 1914. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma, wakaishika mpaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Madaktari wa Kijerumani walikwenda zao. Mbung'o hakwenda popote.

Waingereza nao wakaja na dawa yao, na dawa yao ilikuwa kuhamisha watu. Hoja ilikuwa hivi: watu wakiishi wametawanyika porini, kila kaya peke yake, pori linawashinda na mbung'o anapata kivuli. Wakikusanywa mahali pamoja, majembe yao yatalifyeka pori na mbung'o ataondoka. Kuanzia 1933 Waha wengi walihamishwa wakapelekwa kwenye makazi mapya ya malale. Damu ikapimwa, watu wakahesabiwa, viwanja vikagawiwa, na kurudi kwenye mahame kukawa kosa.

Hapo ndipo alipozaliwa yule bibi wa Kibondo, ndani ya makazi mapya, wakati vigingi vya viwanja vyao vingali vipya. Alichokuwa akitusimulia ni alichosimuliwa na mama yake. Alisema wazee waliondoka migomba ikiwa na mikungu, wakawa wanaiba njia usiku kwenda kukata ndizi zao wenyewe. Alisema baba yake alikuwa akiwatajia watoto kila jioni majina ya vilima saba vilivyokuwa vya ukoo wao, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anavyoita majina ya darasa, ili wasisahau makaburi yako wapi. Ijumaa ile alitutajia vitatu na habari zake. Vinne akavibakiza kwa Jumatatu.

Miaka mingi baadaye wasomi walibishana kuhusu jambo hilo. Helge Kjekshus, katika kitabu kilichotoka 1977, alidai kwamba kabla ya ukoloni watu wa nchi hii walikuwa wamelimudu pori na mbung'o wake kwa kilimo na mifugo yao. Kwamba ni sotoka ya ng'ombe ya miaka ya 1890, njaa na vita vilivyowapunguza watu na kulirudisha pori. Kwa maneno mengine, mkoloni alikuja kutibu kidonda ambacho yeye mwenyewe alishiriki kukitonesha. Sina digrii ya kuamua ugomvi huo. Ninachojua ni kwamba bibi yetu hakusoma kitabu hicho, na bado alituambia jambo linalofanana nalo: "Zamani mbung'o alikuwa huko, sisi tuko huku. Kila mtu na kwake."

Fedha zenyewe zilitoka wapi? Hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Mwaka 1940, Uingereza ikiwa vitani na Hitler, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni. Ndani yake kulikuwa na kitu kipya: fungu la hadi pauni 500,000 kwa mwaka la utafiti peke yake. Mwaka 1945 likapandishwa hadi pauni milioni 1. Kwa fungu hilo utafiti wa mbung'o wa Afrika Mashariki ulipata nguvu, na kwa fungu hilo ikajengwa taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, chini ya mama mmoja mkali wa kazi, Audrey Richards. Watafiti wa mila na desturi wakaanza kusambaa Afrika Mashariki. Buha naye alikuwako, Mholanzi J. H. Scherer, ambaye mwaka 1959 alichapisha makala ndefu kuhusu Waha na mwaka 1965 kitabu kuhusu ndoa na mahari katika miinuko yetu.

Angalia jambo hilo, mshikaji. Babu zangu walitoa mahari yao wakidhani ni shughuli ya nyumba mbili. Kumbe kuna mtu anaandika, na wino wake unatokana na kura iliyopigwa London. Kura ile ingeshindwa, huenda mengi ya wakati ule yasingeandikwa kabisa.

Mrusi alivyopeleka Kiswahili Marekani

Uhuru ulipokuja, London ikafunga mfuko taratibu na milango mingine ikafunguka. Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik angani. Wamarekani wakashtuka, mwaka 1958 wakapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa lao, iliyotoa fedha za kufundishia lugha za mbali vyuoni. Kiswahili kikaingia humo. Mwaka 1961 ikaja sheria nyingine, inayojulikana kwa majina ya wabunge wao wawili, Fulbright na Hays, ikawapa wanafunzi wa uzamivu nauli na posho ya kwenda kutafiti nchi za nje. Yaani kwa sababu Mrusi alirusha tufe la chuma lenye redio, ndiyo maana miaka sitini baadaye dada wa Kimarekani anaweza kumwambia mzee wa Kasulu "shikamoo" kwa lafudhi ya darasani. Historia ina vichekesho vyake.

Kwetu nako hatukulala. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya historia ilianza na moto. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi walitumwa kusini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji, na mwaka 1969 Kimambo na Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoandikwa kumtoa Mwafrika pembeni na kumweka katikati. Mwaka 1968 hiyo hiyo serikali iliunda Baraza la Taifa la Utafiti, UTAFITI kwa jina la kifupi. Sheria ya mwaka 1986 ikaleta COSTECH kuchukua nafasi yake.

Lakini ngoma ilikuwa nzito. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta kupanda bei, duka la kijiji halina sabuni wala kiberiti. Nani angenunua petroli ya kumpeleka mwanahistoria Kibondo? Kwa miaka mingi Mlimani ilisaidiwa na Wasweden kupitia shirika lao la SAREC, lililoanzishwa 1975. Mwaka 1995 SAREC nayo ikaunganishwa ndani ya Sida. Jina likabadilika, makaratasi yakabadilika, na watafiti wetu wakajifunza upya namna ya kuomba. Hii nayo ni elimu, ingawa haina cheti: kusoma upepo wa miji ya watu.

Sisi Buha wakati huo tulikuwa tunahamishwa tena. Operesheni Kigoma ya 1972 iliwapeleka watu vijiji vya ujamaa. Bibi yule alikuwa mama wa watoto wakati huo. Alituambia, akicheka bila furaha: "Mara ya kwanza walisema ni mbung'o. Mara ya pili walisema ni maendeleo. Mimi niliona lori tu." Baadhi ya watu walirudishwa karibu na yale mahame waliyofukuzwa baba zao. Nani aliliandika hilo wakati linatokea? Wachache sana.

Somo la Gombe

Mkoani kwetu kuna mahali pamoja ambapo fedha zilikatika na daftari halikufungwa. Si Kasulu wala Kibondo, ni kule chini ziwani, Gombe, lakini lazima nipasimulie.

Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960. Fedha za miezi ya kwanza, dola 3,000, zilitoka kwa tajiri mmoja wa Illinois, Leighton Wilkie. Baadaye ikaja National Geographic, na miaka ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaa pale wakiwafuata sokwe. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wafuasi wa Laurent Kabila, yule aliyekuja kuwa rais mwaka 1997. Waliwateka wanafunzi wanne. Waliachiwa wote ilipofika mwisho wa Julai, lakini Stanford iliondoa watu wake, wageni wakazuiwa kukaa, na mifuko ikasinyaa.

Kwa hesabu za kawaida, utafiti ungekufa pale pale. Haukufa. Vijana wa Kigoma waliokuwa wakiitwa wasaidizi, akina Hilali Matama na wenzake, walikuwa tayari wanamjua kila sokwe kwa sura, na walikuwa wamefundishwa kuandika ripoti za siku. Waliendelea kuandika. Kwa Kiswahili. Sokwe gani kaamka wapi, kala nini, kagombana na nani. Vita vile vya sokwe vya kati ya 1974 na 1978, vilivyowashangaza walimwengu, sehemu kubwa vilifuatwa na macho yao. Goodall mwenyewe, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, hakuacha kuwataja.

Nataka uliangalie jambo hilo vizuri. Ilikuwa bahati kidogo, ila zaidi ni kwamba kalamu ilikuwa kwenye mkono wa mwenyeji kabla balaa halijaja. Laiti kazi yao ingekuwa kubeba mizigo na kuonyesha njia tu, Mei 1975 wangeweka mizigo chini wakarudi kwao.

Miaka ya Landi Kruza

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa. Watu wakamiminika kuvuka mpaka, Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 wakafuata Wakongo, Nyarugusu ikafunguliwa. Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Karago, Mkugwa: majina yaliyokuwa ya vijiji na mito yakawa majina ya ripoti za Geneva.

Na watafiti nao wakaja, tena kwa wingi ambao babu zetu hawakuuona. Fedha zilifuata wakimbizi, na maswali yakafuata fedha. Kasulu ikajaa gesti na magari meupe. Vijana waliojua Kiswahili, Kiha na Kiingereza cha kuombea maji wakapata ulaji. Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo Mha anaingia kambini akasikilizana na kila Mrundi. Mwanazuoni Loren Landau alichapisha mwaka 2008 kitabu kizima kuhusu hali hiyo ya Kasulu: ulevi wa misaada, na kichwa kinachouma asubuhi yake.

Mimi niliingia kazini wakati wa wimbi la pili, baada ya machafuko ya Burundi ya 2015, Nduta ilipofunguliwa tena. Niliijua njia ya makaratasi kama ninavyoijua ya nyumbani. Kwanza kibali cha COSTECH. Halafu barua ya Katibu Tawala wa Mkoa pale Kigoma, halafu ya wilaya, halafu mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Ukitaka kuingia kambini, kuna kibali kingine cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukiruka mlango mmoja, unarudishwa mwanzo. Nimewavusha watafiti wengi, na wote waliniandika ukurasa wa shukrani, jina la kwanza tu.

Lakini nikaanza kuona kitu. Kambi ikifungwa, na swali nalo linafungwa. Mtabila ilifungwa Desemba 2012; Mtendeli 2021. Watu waliolima jirani na Mtabila kwa miaka karibu ishirini, waliouziana ndizi, wakaoana, wakaibiana kuni, habari zao ziliishia hapo. Nikiuliza kwa nini hakuna anayekuja kuandika yaliyofuata, naambiwa hakuna fungu. Si kwamba hakuna habari, bwana. Hakuna fungu.

Jumatatu ile

Turudi kibarazani. "Sasa tufanyeje?"

Nilimwambia tukae, tunywe chai kwanza, tufanye mambo kwa mpangilio. Sikutaka aone kwamba na mimi naogopa. Ile posho ndiyo iliyokuwa inanilipia chumba.

La kwanza, nikasema, ni madeni. Mzee anayetuongoza kijijini, mama anayetupikia, dereva: hawa hawakuajiriwa na Washington, walitufanyia kazi sisi. Akaandika chuoni kuuliza kama kazi ya kabla ya amri inalipika. Jibu lilichukua siku tatu: inalipika, kwa stakabadhi. Tukazunguka kutafuta sahihi.

La pili, vibali. Usiondoke kama mwizi. Tukaandika barua za kuaga wilayani na COSTECH, kwamba kazi imesimama, haijafutwa, ili atakayerudi asikute mlango una kufuli.

La tatu ndilo lililotuchelewesha: sauti. Alikuwa na saa nyingi za wazee kwenye kinasa sauti. Fomu za ridhaa zilisema sauti zitahifadhiwa chuoni kwake, basi. Nikamuuliza, je, nakala ikibaki Kasulu? Akasema kisheria hawezi bila wenyewe kukubali. Alikuwa sahihi, maana sauti ya mtu ni mali yake. Tukakaa na simu siku mbili, tukiwapigia wazee au wajukuu zao, mmoja mmoja. Wengi walikubali. Mzee mmoja alicheka: "Kwani nyie mlidhani nazungumza na Marekani? Mimi nilikuwa nazungumza na wewe, mtoto wa Kasulu."

Yule bibi wa Kibondo hakuwa na simu. Mjukuu wake hakupatikana. Nikasema nitakwenda mwenyewe nikamweleze, na nimsikilize vile vilima vinne.

Sikwenda.

Mtafiti aliondoka mwanzoni mwa Februari. Tarehe 10 Machi waziri wao wa mambo ya nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Tarehe 1 Julai shirika lenyewe likazikwa na mabaki yake kupelekwa wizarani. Tarehe 1 Mei taasisi yao ya taifa ya utafiti wa afya ilisimamisha utaratibu wa zamani ambao chuo cha Marekani kinapata ruzuku na kukimegea chuo cha nje. Watafiti wetu wa hospitali na maabara waliokuwa wakiishi kwa kipande hicho wakaambiwa wangoje utaratibu mpya. Mwaka huo huo mashindano ya ruzuku za Fulbright na Hays yakafutwa, kama ilivyowahi kutokea mwaka 2011 kwa wanafunzi wa uzamivu bajeti yao ilipokatwa. Najua kwamba mbele ya mgonjwa aliyekosa dawa au kambi iliyopunguziwa chakula, kilio cha madaftari ni kidogo. Nakisema hivyo hivyo, kwa sababu dawa ina wengi wa kuisemea.

Mimi nilikuwa Dar, Manzese, natafuta kibarua kingine. Kila wiki nilijiambia, wakirudisha fedha tu, nakwenda kwa bibi. Mwezi Aprili mjukuu wake alinipigia. Bibi amezikwa jana. "Aliwauliza," akasema. "Aliuliza wale watoto wa Jumatatu mbona hawakuja."

Nauli ya basi ningeipata. Hata kwa kukopa, ningeipata. Hakuna amri ya Washington iliyonizuia mimi, Mha, kukaa na bibi wa Kiha kwenye kigoda na kumsikiliza. Waliomzuia mtafiti walimzuia yeye. Mimi nilijizuia mwenyewe, kwa sababu kwa miaka minane nilikuwa nimefundishwa kwamba kumbukumbu ya Buha ni kazi, na kazi ina posho, na posho inatoka mbali.

Ni kweli kwamba mambo yalipaswa kuwa vingine. Tangu Mpango wa Lagos wa 1980 nchi za Afrika zimeahidi kutenga asilimia 1 ya pato lao kwa utafiti, na nyingi, yetu ikiwamo, hazijafika hapo. Hilo tuliseme kwa sauti, na tulidai. Lakini tusijifiche nyuma yake. Daftari la kurasa mia mbili halihitaji Bunge.

Mwezi Juni nilipanda basi. Nilimkuta mdogo wake bibi, mzee wa miaka themanini na kitu, anasikia kwa sikio moja. Nilikaa siku nne. Nilimsalimia, nikampa pole, nikamsaidia kupukuchua maharage, sikutoa dodoso. Siku ya tatu jioni, bila kuulizwa, akaanza kutaja vilima. Vile vitatu vya dada yake, kwa mpangilio ule ule. Akaongeza cha nne, kwenye mwinuko wenye mto chini yake. Akaongeza cha tano. Kisha akanyamaza muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Viwili vilikuwa vya dada," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anakaa karibu na baba."

Nimeviandika vitano, kwa Kiha na kwa Kiswahili, na habari zake. Nakala moja iko kwangu, nyingine kwa familia, nyingine kwa mwalimu wa historia wa sekondari iliyo jirani na kijiji. Vilivyobaki ni viwili. Bado kuna wazee wengine katika ukoo ule, mmoja Kakonko, mwingine nasikia alikwenda Tanga enzi za mkonge hakurudi, lakini ana watoto.

Wewe unayesoma hapa, unayetaka kuwa mwandishi, na unahangaika huna la kuandika, una bibi wapi? Kama alikwambia urudi kesho, rudi kesho.